Daftari Lisilongoja Mtandao: Kiswahili cha Sayansi Kishikwambini Oltepesi

Katika mijadala mingi ya wapenzi wa Kiswahili kuhusu teknolojia, swali linaloulizwa kwanza aghalabu ni lile la jina. Je, kifaa hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kile kidogo cha kushika mkononi kiwe tableti au kishikwambi? Makongamano yamefanywa, makala yameandikwa, na wanafunzi wa shahada ya kwanza wamekesha wakikariri orodha za istilahi kwa ajili ya mtihani. Swali la pili, ambalo ndilo zito zaidi, huulizwa kwa nadra: baada ya kifaa kupewa jina, ni nini hasa kitakachoandikwa ndani yake kwa Kiswahili, na kitaandikwa na nani?

Makala haya yanashikilia kwamba jibu moja la swali hilo limekuwepo kwa miaka kadhaa na halijashughulikiwa ipasavyo na idara za Kiswahili. Jibu lenyewe ni daftari tendaji la sayansi, yaani lile ambalo wanasayansi wa dunia hulitumia kuandika maelezo, hesabu na michoro katika ukurasa mmoja, na ambalo siku hizi linaweza kufanya kazi ndani ya kishikwambi pasipo mtandao wowote. Oltepesi, kituo kilichoko kando ya barabara ya Magadi katika Kaunti ya Kajiado, kinachukuliwa hapa kuwa kielelezo. Sababu ni kwamba mahali hapo pana sayansi tele ardhini, pana jua la kutosha kuchaji kifaa, na mawimbi ya simu pande hizo si ya kutegemewa kila saa.

Ni vyema kueleza kwanza daftari hilo ni kitu gani, kwa kuwa wengi wa wasomaji wa jarida hili wanatoka katika uga wa fasihi na isimu. Mwaka wa 2001 Fernando Pérez, mzaliwa wa Colombia aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu katika fizikia nchini Marekani, aliandika programu ndogo iitwayo IPython ili imsaidie kuzungumza na tarakilishi hatua kwa hatua badala ya kuipa kazi nzima kwa mkupuo. Kutokana na mbegu hiyo, mwaka wa 2011 kulizuka daftari linalofunguliwa katika kivinjari, na mwaka wa 2014 kazi hiyo ikapewa jina la Jupyter, linalokumbusha lugha tatu za programu: Julia, Python na R. Ukurasa wa daftari hili umegawanyika katika visanduku. Baadhi ya visanduku hubeba maelezo ya kawaida, kwa lugha yoyote ambayo mwandishi anaipenda. Vingine hubeba msimbo, ambao msomaji anaweza kuuendesha, kuubadilisha na kuuendesha tena, na jibu likatokea papo hapo chini yake: namba, jedwali au mchoro. Mnamo 2016, wanasayansi wa LIGO walipotangaza kwamba wamenasa mawimbi ya mvutano, walitoa hadharani data pamoja na madaftari ya aina hii ili mtu yeyote arudie hesabu zao.

Mwanafunzi wa fasihi asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Nyuma ya daftari hilo kuna wazo la Donald Knuth, ambaye mwaka wa 1984 alichapisha makala akitetea kwamba programu iandikwe kama kazi ya fasihi, yaani iandikwe kwanza kwa ajili ya binadamu anayesoma, kisha ndipo mashine itekeleze. Kwa maneno mengine, mwanasayansi wa tarakilishi mashuhuri kabisa alikuja kubisha hodi kwenye mlango wa fasihi. Nusu ya daftari ni nathari. Na nathari ni kazi ya nani, kama si ya watu wa lugha?

Kuhusu suala la mtandao, kuna dhana potofu iliyoenea kwamba kila kinachofunguliwa katika kivinjari sharti kitoke mbali. Katika tarakilishi ya kawaida, Jupyter huendesha seva ndogo ndani ya mashine ile ile. Kivinjari kinazungumza na jirani yake wa chumba kimoja wala hakivuki kizingiti. Ugumu ulikuwa upande wa vishikwambi, ambavyo mifumo yao huzibana programu zisizae programu nyingine. Ugumu huo umepungua kwa njia mbili. Kwanza, kuna programu zilizojengwa makusudi: Carnets kwa iPad, ambayo hutolewa bila malipo na hubeba Python nzima tumboni mwake, na Pydroid 3 au Termux kwa vifaa vya Android. Pili, tangu mwaka wa 2017 vivinjari vikuu vilianza kukubali WebAssembly, na mwaka uliofuata mradi wa Pyodide ulioanzia Mozilla ukaonyesha kwamba Python yenyewe, pamoja na maktaba zake za sayansi, inaweza kuendeshwa ndani ya kivinjari. Mwaka wa 2021 JupyterLite ikajengwa juu ya msingi huo. Faili zake zikishahifadhiwa katika kifaa, au zikitolewa na seva ndogo iliyoko darasani, mwalimu hahitaji tena kuomba mtandao uwe na huruma.

Tena Kenya si mgeni wa mawazo haya. Mwaka wa 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilizindua Kio Kit, sanduku lililobeba vishikwambi 40 na seva ndogo, likiwa limekusudiwa shule zisizo na umeme wa uhakika wala mtandao. Kuanzia mwaka wa 2016 serikali nayo ilisambaza vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma, vikiwa na masomo yaliyopakiwa tayari. Hata hivyo, lipo la kukosoa hapa. Somo lililopakiwa na kufungwa humfanya mtoto kuwa mtazamaji. Anabonyeza, anaambiwa amepata au amekosa, basi. Daftari humfanya mwandishi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile iliyopo kati ya kishikwambi na ubao, ingawa bajeti za elimu hazina safu ya kuiandika.

Sasa tuingie Oltepesi penyewe. Jina hilo ni la Kimaasai, na ndilo jina la mgunga, mti ule wenye kilele kama mwavuli ambao maganda ya mbegu zake huliwa na mbuzi wakati wa kiangazi. Karibu na hapo pana Olorgesailie, mojawapo ya maeneo mashuhuri zaidi ya historia ya kale ya binadamu. Mwanajiolojia John Walter Gregory aliona zana za mawe huko mwaka wa 1919. Louis na Mary Leakey wakaanza uchimbuzi miaka ya 1940, na mwaka wa 1947 mahali hapo pakafunguliwa kwa umma. Mwaka wa 2018 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba takriban miaka 320,000 iliyopita watu wa bonde hilo walikuwa wameacha mashoka makubwa ya mawe, wakachonga zana ndogo zaidi, wakatumia rangi, na kuleta mawe ya volkano kutoka makumi ya kilomita. Mwaka wa 2012 ulikuwa umechimbwa katika uwanda wa Koora, kusini mwa hapo, mhimili wa udongo na mashapo wenye urefu wa mita 139, uliohifadhi kumbukumbu ya mazingira ya miaka ipatayo milioni moja. Mhimili huo ulisafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Minnesota kufanyiwa uchambuzi.

Hakuna kosa katika kusafirisha udongo kwa nia ya kuuelewa. Maabara ni maabara. Lakini msomaji na atafakari: maelezo ya udongo huo yako katika majarida ya Kiingereza, katika majedwali ambayo mwanafunzi wa sekondari ya Oltepesi angeweza kuyachora grafu kwa kishikwambi kabla ya kengele ya chakula cha mchana, kama pangekuwepo kurasa tano za Kiswahili safi za kumshika mkono. Kurasa hizo hazijaandikwa. Kinachokosekana si mashine, na pengine si hata fedha. Kinachokosekana ni matini.

Mfano wa karibu zaidi na maisha ni mvua. Ukame wa 2020 hadi 2023, uliokuwa na misimu mitano mfululizo ya mvua haba, uliwafilisi wafugaji wengi wa Kajiado. Mtoto wa huko hahitaji kufundishwa umuhimu wa kupima mvua. Anachohitaji ni njia ya kuiandika na kuihesabu. Daftari lingeweza kuanza hivi, kwa lugha ya kawaida: milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji, paa la mabati la darasa letu lina mita za mraba 50, je, mvua ya wiki hii ingejaza mapipa mangapi? Kisha kisanduku cha msimbo kingefuata:

paa = 50
mvua = [12, 0, 5, 8]
lita = paa * sum(mvua)
print(lita)

Jibu ni 1250. Mtoto akibadilisha namba moja, jibu linabadilika. Akiongeza siku, linabadilika tena. Tazama pia lugha ya mistari hiyo. Majina yote yaliyobuniwa na mwandishi ni ya Kiswahili, na mashine haikunung'unika hata kidogo. Lugha ya Python ina maneno 35 tu yaliyotengwa ambayo hayawezi kubadilishwa, na hayo mwanafunzi huyazoea kama dereva anavyozoea alama za barabarani. Hata "print" si mojawapo ya hayo 35; mwalimu akiandika mara moja chapa = print, kuanzia hapo darasa litatumia "chapa" hadi mwisho wa daftari. Lugha zinazotumia hati tofauti na ya Kilatini zililazimika kungoja hadi Python 3 ili majina yao yakubaliwe. Kiswahili hakikungoja chochote, na bado kinasuasua.

Mahali ambapo Kiingereza kinauma kweli ni katika makosa. Mwanafunzi akiandika Mvua kwa herufi kubwa badala ya mvua, mashine inamkaripia: NameError: name 'Mvua' is not defined. Kwa mwenye Kiingereza kingi, hiyo ni taarifa. Kwa mtoto wa Gredi ya Saba anayejifunza kwa lugha ya tatu, ni kofi. Angeelezwa kwamba jina Mvua halijafafanuliwa, na kwamba herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, angejirekebisha mwenyewe pasipo kuinua mkono. Aina za makosa ambayo mwanafunzi wa mwanzo hukutana nayo ni chache, pengine hazizidi kumi na tano. Kuzifafanua kwa Kiswahili fasaha, kinachoeleza badala ya kutafsiri neno kwa neno, ni kazi ya muhula mmoja kwa mwanafunzi mmoja wa uzamili. Ikumbukwe kwamba maktaba zetu hazina upungufu wa tasnifu kuhusu usawiri wa wahusika wa kike katika riwaya zile zile sita.

Huenda msomi akadai kwamba kazi ya kukuza Kiswahili cha teknolojia ilikwishafanywa. Ni kweli kwamba ilianzwa, tena na watu wa kuheshimiwa. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, na kampuni ya Microsoft nayo ikafuata kwa sura ya Kiswahili ya programu zake. Juhudi hizo zilitupatia "faili", "kabrasha", "kivinjari" na "pakua". Lakini istilahi haikui kwa kuorodheshwa. Hukua kwa kutumiwa katika sentensi inayomweleza mtu jambo analotaka kulijua. "Pakua" limeshika kwa sababu kila mwenye simu anapakua kitu. Mamia ya maneno mengine yamelala katika kamusi kama nguo za arusi sandukuni. Daftari ni mahali ambapo istilahi hulazimika kufanya kazi, kwa kuwa maelezo yakiwa mabovu mwanafunzi atakosea msimbo, na kosa litaonekana palepale. Hakuna mhariri mkali kuliko huyo.

Na kwa wale wanaosema kwamba fasihi haina hesabu, wafikirie arudhi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Kuhesabu mizani ni kazi ambayo kila mwanafunzi wa ushairi ameifanya kwa vidole. Katika daftari, jaribio la kwanza huwa mstari mmoja:

mizani = sum(h in "aeiou" for h in mshororo)

Mstari huo unahesabu irabu tu, kwa kudhani kuwa kila silabi ya Kiswahili ina irabu moja. Kwa "kalamu" hupata tatu, na ni sahihi. Kwa "mtu" hupata moja, na si sahihi, kwani "m" hiyo ni silabi kamili. Mwanafunzi ataongeza kanuni: "m" inayotangulia konsonanti ihesabiwe. Mara "mbuzi" linampa tatu badala ya mbili, na "mwalimu" linampa nne. Atazitoa "b" na "w" katika kanuni. Sasa "mbuzi" limepona lakini "mbu" na "mbwa" yameharibika, maana katika maneno hayo shina ni la silabi moja na mkazo, ambao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huilazimisha "m" kusimama peke yake. Vivyo hivyo kwa "nchi", "nge" na "nje". Kufikia hapa mwanafunzi amejifunza fonolojia ya Kiswahili kwa kina zaidi ya aliyekariri sura nzima ya kitabu, na hakuna aliyemhutubia.

Kisha anafika kwenye "mbuni". Ndege yule mrefu anayekimbia nyika za Kajiado ana mizani mbili: mbu-ni. Mtu anayebuni jambo ana tatu: m-bu-ni. Mti wa kahawa nao una tatu. Herufi ni zile zile. Hakuna kanuni ya herufi itakayotenganisha ndege na mvumbuzi. Lazima kujua maana, ngeli na upatanisho wa sentensi. Arvi Hurskainen wa Helsinki aliianza kazi ya kuifundisha mashine mofolojia ya Kiswahili katika miaka ya 1980, na korpasi kubwa ya Kiswahili, yenye maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili, imehifadhiwa huko huko Ufini. Ni heshima kwa Ufini. Lakini wanaojua bila kufikiri kwamba mbuni huyu anakimbia na mbuni yule anabuni wako Kajiado, na kishikwambi cha kulifanyia kazi jambo hilo kinaweza kuwa mikononi mwao.

Kuna pingamizi moja ambalo halifai kupuuzwa. Kiswahili si lugha ya mama ya mtoto wa Oltepesi. Lugha yake ni Kimaasai. Je, kumwondoa katika Kiingereza na kumtia katika Kiswahili si kumhamisha tu kutoka ugeni mmoja hadi mwingine? Pingamizi hili lina uzito, na mpenzi wa Kiswahili anayelijibu kwa kutaja Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 hajalijibu. Jibu la haki ni kwamba visanduku vya maelezo havina kikomo cha lugha. Daftari lile lile la mvua linaweza kuwa na aya ya Kimaasai juu na ya Kiswahili chini, na jina la mgunga likabaki oltepesi. Kiswahili kina nafasi yake hapa kwa sababu ndicho anachokisikia mtoto sokoni Kiserian na garini kuelekea Magadi, na ndicho mwalimu aliyetoka Busia au Kitui anachoshiriki naye nje ya darasa. Hakipaswi kudai zaidi ya hapo.

Basi vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingeweza kuanza na kidogo. Madaftari kumi yangetosha: mvua, uzito wa mbuzi, mashapo ya Koora, mizani ya shairi, na mengine yatakayopendekezwa na walimu wa huko. Kila daftari liandikwe na mwanafunzi wa lugha akishirikiana na wa hisabati, kisha lijaribiwe na watoto kabla ya kusomwa na profesa yeyote. Yasafirishwe kwa kadi ya kumbukumbu, kwa kuwa daftari la aina hii ni faili la maandishi, na lisipojazwa picha halichukui nafasi kubwa.

Tahadhari moja ya kiufundi ni muhimu kwa yeyote atakayeanza kazi hiyo. JupyterLite huyahifadhi madaftari ndani ya kivinjari chenyewe. Mtu akisafisha kumbukumbu za kivinjari ili kupata nafasi, kama wengi wanavyofanya kishikwambi kinapokuwa kizito, kazi ya muhula mzima itatoweka bila kuaga. Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ya vifaa kurudishwa kabatini, faili zote zitolewe na kunakiliwa kwenye kadi mbili, moja ibaki shuleni na nyingine iende kwa mwalimu.